Umeme Umekatika, Rojo Halina Habari

(Hotuba kwa mama lishe na baba lishe, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Mama lishe na baba lishe wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na ndoo zangu mbili nyeupe, nawaomba msizifunue. Tutazifikia.

Nimeitwa niseme juu ya vyakula vya Kihindi vya kuchachua, na namna ya kuvitengeneza pasipo umeme. Aliyenialika alinipigia simu siku ambayo nyama yake iliharibika ndani ya friji, umeme umekatika tangu alfajiri. Akaniuliza, "Dada, wewe umekaa kule miaka minne. Wenzetu umeme ukikatika wanafanyaje?" Nikacheka, wala si kwa kumdharau. Swali hilohilo nililiuliza mimi jikoni kwa bibi mmoja mjini Mysore, kusini mwa India, usiku ambao mashine ilizima katikati ya kusaga na nyumba nzima ikawa giza. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba juu kwake. Nilimwita Ajji kama wajukuu zake walivyomwita, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kikannada. Ajji hakunijibu. Alishika taa, akatoka uani, akaondoa gunia juu ya jiwe kubwa lililokaa pale pembeni kama mzee aliyesahauliwa, akalimwagia maji, akalisugua, kisha akanionyesha kwa kidole mahali pa kukaa.

Nilisaga karibu saa nzima. Kesho yake hata kuchana nywele nilishindwa.

Lakini usiku ule ndio nilioelewa mpaka uko wapi. Vyakula hivi vina kusaga, vina kuchacha, na vina kuhifadhi. Umeme unamsaidia mtu kusaga, na unamsaidia kuhifadhi. Kuchacha kwenyewe hakuna habari na umeme. Rojo, yaani ule mchanganyiko uliosagwa, likishaingia chunguni linafanya shughuli yake gizani, mgao uwepo usiwepo. Mfalme Someshvara wa Tatu, aliyetawala hukohuko Karnataka, jimbo lenye mji wa Mysore, katika karne ya 12, aliacha maandishi yanayotaja chakula cha punje za uradi kiitwacho iddarika, ambacho wengi wanakiona kuwa babu wa idli ya leo. Ukutani kwake hapakuwa na soketi. Kwa hiyo tukisema "bila umeme", tunazungumzia bega na tunazungumzia kesho: nani atasaga, na kitakachobaki kitakaa wapi.

Nianze na idli yenyewe, maana ukiielewa idli nyingine zote zinakuja zenyewe. Idli ni kikate kidogo cheupe cha mvuke, laini, kinachochachuka kidogo mdomoni. Kina vitu viwili, mchele na uradi. Uradi ni punje ndogo nyeusi, ndugu wa choroko. Ikikobolewa inakuwa nyeupe kama maziwa. Maduka ya Wahindi hapa mjini wanayo, ulizeni kwa jina hilohilo, uradi. Mchele wanaoupenda kule ni ule uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Vikombe vitatu vya mchele kwa kimoja cha uradi, na kijiko cha chai cha uwatu. Mchele unaroweka peke yake, uradi na uwatu peke yao, kwa muda wa saa nne mpaka sita. Kisha unasaga mbalimbali. Uradi unasagwa mpaka uwe kama povu. Mchele unauacha na chenga kidogo, ukiushika kati ya vidole uone kama mchanga laini wa pwani. Unachanganya kwa mkono, unatia chumvi, unafunika, unakwenda kulala.

Mtaniuliza hamira inaingia saa ngapi. Haiingii. Mwaka 1965 wanasayansi walichapisha utafiti juu ya rojo la idli, wakaonyesha kwamba linaloliumua ni bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides. Wapo juu ya punje zenyewe tangu ziko kwenye gunia. Ukiziroweka wanaamka, ukisaga wanapata chakula, usiku wanakula sukari na kutoa hewa na uchachu. Hewa inaumua, uchachu unawafukuza wadudu wabaya. Ndiyo maana Ajji aliniambia nisioshe uradi mara kumi kama ninayefua shuka. Mara mbili, tatu, basi.

Sasa mchele peke yake nao unachacha, sisi tunajua, lakini haushiki hewa. Anayeshika hewa ni uradi. Una ute, kama bamia. Ute ule ndio unaoyafunga mapovu yasipasuke, ukichanganyika na protini ya punje. Nimejaribu kwa choroko nikiwa hapahapa Tanga, kwa ubishi tu. Idli ilikaa chini kama kitako cha chungu. Choroko ina chakula chake: kule jimbo la Andhra wanaisaga mbichi, wanaitandaza chumani papo hapo bila kungoja ichache, wanaiita pesarattu, tena tamu. Lakini idli ni ya uradi, tusidanganyane.

Turudi kwenye jiwe. Watamil, watu wa Tamil Nadu kusini mwa India, wanaliita aattukkal. Ni jiwe zito lenye shimo katikati, na ndani ya shimo kuna mchi wa jiwe uliosimama, umenona chini kama yai la mbuni. Hutwangi. Unauzungusha mchi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto unasukuma uradi unaopanda ukingoni urudi chini. Mikono miwili, kazi mbili, kwa wakati mmoja, na vidole vya kushoto vinapita sentimita moja tu kutoka kwenye jiwe linalozunguka. Mgeni anajitafuna vidole. Mwenyeji anasaga huku anasimulia habari za jirani. Maji yanatiwa kwa matone, kiganja kimoja kila baada ya muda, si kumwaga. Uradi unaanza kama uji wa njano, halafu unakuwa mweupe, halafu unaanza kupanda, unajaa kuliko ulivyoutia. Ajji alikuwa na bakuli la maji pembeni. Akichota kidonge cha uradi kwa ncha ya kidole na kukidondosha majini: kikizama, saga. Kikielea, inuka.

Jiwe linafanya jambo ambalo blenda hailiwezi. Linakwenda polepole, halipati moto, na kila mzunguko linaingiza hewa. Blenda ina visu vinavyokimbia. Dakika chache tu uradi umepata joto na rojo limeanza kuharibika kabla halijalala. Wakati naishi bweni, mwaka wangu wa kwanza, tuliazima blenda tukasaga kwa fujo mpaka chombo kikawa cha moto mkononi. Asubuhi tulipata idli ambazo mwenzangu mmoja alizitumia kuzuia mlango.

Lakini hapa sitaki mtu aondoke akidhani nimekuja kusifia jiwe. Nimewahi kumsikiliza bwana mmoja aliyesimulia kwa machozi utamu wa dosa, zile chapati nyembamba za rojo hilihili, zilizosagwa kwa jiwe utotoni kwake. Nikamuuliza, "Aliyesaga ni nani?" Mama yake. Kila siku. Kwa watu kumi na mmoja. Bwana yule hakuwa amelifikiria. Mashine ya umeme ya kusagia uradi, ile yenye mawe ndani yake, ilizaliwa na kukua Coimbatore, huko Tamil Nadu, na mji ule mpaka leo unajulikana kwayo. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilipoanza kugawa bure mashine hizo, pamoja na blenda na feni, kwa kaya zenye kadi ya mgawo, wako waliosema ni hongo ya kura. Huenda. Ila mimi nina bega linalokumbuka, na sitamcheka mwanamke aliyepokea. Nyumbani kwa Ajji vyote viwili vilikuwepo. Sikukuu ya Ayudha Puja, siku ambayo watu wa kule wanaosha vyombo vyao vya kazi na kuviweka maua, pikipiki, cherehani, panga, mpaka kalamu, Ajji aliweka maua ya manjano juu ya mashine jikoni, kisha akachukua mengine akaenda nayo uani kwenye jiwe. Nikamuuliza, si hulitumii? Akasema mashine ikiugua, nani anasaga?

Sisi jiwe lile hatuna. Tuna kinu, na tuna jambo ambalo bibi zetu wa mwambao walilijua vizuri, kutwanga mchele ulioroweka kwa ajili ya vitumbua. Mkitaka kupunguza kazi, fanyeni wanavyofanya wengi Andhra na Karnataka: mchele wanautumia ukiwa chenga kavu, zilizosagwa mashineni siku yoyote umeme ulipokuwepo. Chenga zile zinakaa kwenye kopo hata mwezi. Siku ya kazi unaziosha, unaziroweka, unazikamua. Kinachobaki kusagwa kibichi ni uradi tu, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu. Kikombe kimoja kinu kinakiweza. Ukishatwanga, mimina kwenye bakuli kubwa na upige kwa kiganja wazi kama unavyopiga kunde za bajia, mpaka zigeuke rangi na ziwe nyepesi. Mama anayejua kupiga bajia za kunde tayari ana mkono wa idli, hajaambiwa tu.

Sasa joto. Rojo linataka joto la karibu nyuzi 30, kama la chumba chetu usiku wa kawaida. Hapo muda wa saa nane mpaka kumi na mbili unatosha. Mysore iko juu, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Desemba mtu unajifunika blanketi. Nyumba za zamani za kule zina jungu la shaba lililojengewa bafuni, wanaliita hande, la kuchemshia maji ya kuoga, na chini yake wanachoma makumbi ya nazi. Basi Desemba Ajji alilihamishia rojo bafuni. Alilifunga kwa shali kuukuu ya marehemu mumewe, akaliweka chini karibu na hande, pale panapobaki na uvuguvugu mpaka asubuhi. Huko kaskazini, Delhi, ambako baridi ya Januari ni kali kweli, wako wanaolifukia chungu ndani ya pipa la unga au la mchele. Nafaka ni blanketi zuri.

Tanga shida yetu ni kinyume. Februari hapa rojo likiachiwa kama la Mysore, alfajiri unakuta siki. Kwa hiyo saga usiku zaidi, tia chumvi yote mwanzoni maana chumvi inalipunguza mwendo, na chungu kiweke kwenye karai lenye mchanga uliolowa, mahali upepo unapita. Chungu cha udongo kisicho na rangi kinatoa jasho, na jasho likikauka linapoza. Mtungi wa maji mnaujua, ni habari hiyohiyo.

Na jamani, chombo kisijae. Nusu tu. Mara ya kwanza Ajji kuniachia kazi peke yangu nilijaza mpaka shingoni, nikaona fahari. Usiku rojo likapanda, likasukuma kifuniko, likashuka ukutani, likatambaa sakafuni mpaka chini ya kabati. Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na Ajji amesimama mlangoni kwangu. Hakusema kitu. Alinionyesha mstari wa sisimizi uliotoka jikoni, ukapita ukumbini, ukatokea barazani.

Kupika ndiyo sehemu rahisi, kwa sababu kuni na mkaa tunavyo. Watu wanadhani lazima uwe na zile sahani za chuma zenye vishimo. Palakkad, Kerala, kuna kijiji kinaitwa Ramasseri ambacho idli yake haipikwi kwa sahani hizo. Wanachukua chungu cha udongo chenye maji yanayochemka, mdomoni wametandaza wavu wa kamba na kitambaa, wanamimina rojo juu ya kitambaa, wanafunika. Inatoka bapa, kama sahani ndogo. Kitambaa safi cha pamba na sufuria, nani hapa hana?

Lakini kilichonifanya nikumbuke nyumbani ni majani. Ajji hakuwa mtu wa Mysore kwa asili, alizaliwa pwani, upande wa Udupi. Sikukuu ikikaribia aliagiza majani kutoka kwao. Ya kwanza ni ya mfenesi. Unachukua majani manne, unayapanga msalaba, unayainua kingo na kuyashona kwa vijiti vyembamba mpaka yawe kikombe. Unamimina rojo lilelile la idli, unapanga vikombe kwenye sufuria ya mvuke. Jani la mfenesi likipata mvuke linatoa harufu ambayo siwezi kuieleza, tafuteni mjaribu, mifenesi imejaa Muheza. Ya pili ni majani ya mkadi. Ndiyo, mkadi huuhuu, jamaa wa ule ambao maua yake bibi harusi anawekewa nywelani. Wanayaondoa miiba kwa kisu, wanayapitisha juu ya moto mpaka yalegee, wanayakunja kuwa bomba refu kama kiganja na kulifunga chini. Rojo linamiminwa humo, linapikwa limesimama. Wanaita moode. Nilipoliona jani lile mkononi mwa Ajji nilimwambia, "Hili kwetu lipo." Hakuniamini. Alidhani Afrika kuna simba tu.

Kuiva ni dakika kumi mpaka kumi na tano kwa idli ndogo, moode inataka nusu saa. Chovya kidole majini, gusa katikati. Kisiponata, epua.

Sasa tuje kwenye kesho, maana hapa ndipo mama lishe anapopotezea pesa. Rojo limebaki, friji haina umeme. Nilichokiona kwa Ajji, na baadaye kwa majirani zake wote, ni kwamba friji yao ilikuwa ndani ya kichwa. Rojo linavyozidi kuchacha ndivyo chakula kinavyobadilika. Siku ya kwanza, likiwa jepesi na limejaa hewa, ni idli. Kesho yake hewa imepungua na uchachu umeongezeka, unalitia maji kidogo na kupika dosa: chuma juu ya mkaa, nusu ya kitunguu imechomwa kwenye uma na kuchovya mafuta, unaupaka chuma kwa kitunguu kile, unamwaga upawa mmoja katikati na kuutandaza kwa mgongo wa upawa, duara kwa duara, mpaka ukingo uwe mwembamba kama karatasi. Ukisubiri kingo ziinuke zenyewe hutahitaji kubandua. Siku ya tatu limekuwa kali, halifai kuliwa tupu. Hapo linapikwa nene, na juu yake vitunguu, pilipili mbichi, nyanya, kotimiri, inakuwa uttapam, na ule uchachu unaonekana kama uliwekwa kwa makusudi. Au linatiwa kwenye chuma chenye vishimo kupikwa paniyaram, ambayo mkiiona mtasema ni vitumbua vimetiwa pilipili, na chuma chake ni chuma cha vitumbua. Siku ya nne hakuna. Walisaga kwa hesabu ya watu na siku. Mteja anaona vyakula vitatu, wewe umesaga mara moja.

Maziwa ndiyo hivyohivyo. Yanachemshwa, yanapozwa mpaka kidole kinavumilia, yanatiwa kijiko cha mgando wa jana, yanafunikwa. Usiku mmoja yameganda. Bengali wanayagandisha ndani ya vyungu vidogo vya udongo, na chungu kinanyonya maji, mgando unakuwa mzito unakatika kwa kijiko. Ukianza kuchachuka sana, Ajji aliupika mchuzi na nazi na boga. Krimu ilisukwa ikatoka siagi, siagi ikachemshwa ikawa samli, na samli, mnajua wenyewe, haiombi friji. Kila hatua chakula kinasogea kwenye kitu kinachodumu zaidi.

Wali uliobaki wa usiku nao una njia yake. Odisha wanautia maji, unalala, asubuhi unachachuka kidogo, unaliwa na maji yake pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili. Wanauita pakhala, na tarehe 20 Machi wana siku yake maalumu. Bengali ni panta bhat, Watamil ni pazhaya soru. Ni chakula cha mkulima anayekwenda kusimama juani. Ila nisikilizeni kwa makini: wali upoe haraka na uingizwe majini, na maji yawe mengi. Wali uliofungiwa moto ndani ya sufuria mpaka asubuhi ni habari nyingine, una sumu ambayo hata kuupasha tena hakuiondoi. Na mimi pakhala siwashauri muiuze. Pikeni nyumbani.

Kaskazini, Punjab, Delhi na Uttar Pradesh, kuna kinywaji kinaitwa kanji. Msimu wake ni mwisho wa baridi, karibu na sikukuu ya Holi. Karoti nyeusi, zile za zambarau, na kiazisukari, yaani bitiruti, zinakatwa vijiti, zinatiwa kwenye mtungi wa kauri na maji, chumvi, pilipili ya unga na haradali iliyopondwa. Mtungi unafungwa kitambaa na kuwekwa juani siku tatu mpaka tano, kila siku unakorogwa kwa kijiko kikavu cha mti. Maji yanakuwa mekundu kama divai, yana uchachu na yana ukali wa haradali unaopanda puani. Haradali si ladha tu, inawazuia wadudu waharibifu wakati uchachu bado mchanga. Kwa jua la Tanga siku mbili zinatosha, onjeni. Karoti za kawaida zinafaa, rangi tu haitakuwa ile.

Achari sina haja ya kuwafundisha, labda nyinyi mnifundishe mimi.

Wale wa milimani, Sikkim na Darjeeling, wana soya wanayoichemsha, wakaiponda kidogo, wakaipaka jivu kidogo la kuni, wakaifunika kwa majani ndani ya kapu na kuiweka karibu na meko siku moja mpaka tatu. Inatoka inanata, ina nyuzi na harufu ambayo mgeni anakimbia. Kinema. Nilikula mara moja, kwa adabu. Naitaja kwa sababu ya lile jivu na lile kapu kando ya meko: hakuna kipima joto, hakuna mashine, na kila nyumba inapata kitu kilekile.

Na Kerala, rojo la mchele na nazi la kupikia appam, asili yake waliliumua kwa tembo la mnazi, kallu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiumulia vitumbua kwa tembo tamu, la asubuhi, lililogemwa siku hiyohiyo. Watu wakaliacha kwa sababu za dini, hamira ikaingia, sina ubishi na hilo. Anayetaka kujaribu, amjue mgema wake kwanza, kwani mgema akisifiwa sana mnajua anavyofanya.

Machache ya hatari kabla sijakaa. Kitu kichachu kisilazwe kwenye sufuria ya alumini. Uchachu unaila sufuria na wewe unamlisha mteja. Tumia udongo, kioo, stili, au ndoo ya plastiki ya chakula. Rojo likiwa na harufu ya uchachu safi, kama mtindi, ni zima. Likiwa na doa la waridi, la kijani au jeusi, usikwangue juu ukadhani umepona, mwaga lote na chombo ukichemshie maji. Maji ya kurowekea yawe ya kunywa. Na siku mbili tatu za mwanzo msiuze, kuleni wenyewe na watoto wenu wakubwa, mpaka mkono uzoee.

Sasa zile ndoo. Jana vijana wawili wa hapa, mmoja ni yule anayejinyoosha bega pale nyuma, walitwanga uradi kwa kinu mpaka saa nne usiku, na umeme, kwa bahati niliyoiomba, haukuwepo. Nje ya kila ndoo nilifunga uzi mwekundu pale rojo lilipoishia. Ndoo ya kulia ilitiwa chumvi yote usiku, ya kushoto haikutiwa hata chembe, ililala pembeni yake. Sijazitazama tangu hapo. Sufuria ya mvuke iko motoni, majani ya mfenesi yameshashonwa. Mama wa mbele hapo, wewe mwenye kanga ya bluu, njoo ufunue ya kushoto kwanza, uwaambie wenzako uzi uko wapi.